Muuguzi anayeogopa hawezi kumlinda mgonjwa

Mgonjwa akifariki katika hospitali ya serikali hapa Uganda na habari ikasambaa, hatua zinazofuata tunazijua kwa moyo. Video inazunguka kwenye simu. Ndugu wa marehemu wanaeleza kwa uchungu kwamba walimwita musawo, yaani mhudumu wa afya, na musawo hakuja. Mkubwa fulani anawasili na waandishi wa habari, anazunguka wodini, anauliza nani alikuwa zamu. Jua halijazama, muuguzi ameshasimamishwa kazi, au yuko kituo cha polisi anaandika maelezo. Wiki inayofuata wodi ni ileile, wagonjwa wamejaa vilevile, kabati la dawa lina mapengo yaleyale, na sasa muuguzi mmoja amepungua.

Uchungu wa familia ile ni wa haki. Aliyeiba dawa za umma, au aliyemdai mama mwenye uchungu wa kuzaa pesa kabla ya kumgusa, sheria imfuate. Lakini vifo vingi vinavyoweza kuzuilika hospitalini havitokani na watu wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani hutumia makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 kwamba huduma zisizo salama katika hospitali za nchi za kipato cha chini na cha kati husababisha madhara milioni 134 kila mwaka na kuchangia vifo milioni 2.6. Hakuna idadi ya wauguzi wenye roho mbaya inayoweza kueleza hesabu kubwa kiasi hicho. Chanzo chake kiko katika namna kazi yenyewe ilivyopangwa.

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi ajali zinavyotokea, alionyesha kwamba madhara makubwa huhitaji kasoro kadhaa zikutane. Yeye alitumia mfano wa vipande vya jibini. Kwetu fikiria vyandarua vikuukuu vilivyotundikwa kimoja juu ya kingine: kila kimoja kina matundu, lakini mbu hupita tu pale matundu yanapolingana. Muuguzi ndiye chandarua cha mwisho, kilicho karibu zaidi na mwili wa mgonjwa. Ndiyo maana lawama humwangukia yeye, hata kama vingine vyote vilishachanika kabla ya usiku ule.

Tuchukue kisa kimoja tukitazame kwa karibu.

Ni wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Mama mwenye mimba ya wiki 36 ameletwa kwa bodaboda alasiri, presha yake ni 170 kwa 115, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Kifafa cha mimba kinanyemelea, na dawa yake ni magnesiamu salfeti. Anaanza na gramu 4 kwenye mshipa, polepole, pamoja na gramu 5 katika kila tako. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa nne. Dawa huja kwenye vichupa vya nguvu ya asilimia 50, kwa hiyo kwa zile gramu 4 za mshipa muuguzi huvuta mililita 8, kisha huongeza mililita 12 za maji ya sindano ili zitimie 20. Kuna vichupa vya mililita 2 vyenye gramu 1, na kuna vya mililita 10 vyenye gramu 5. Aliyezoea vya aina moja akaletewa vya aina nyingine anaweza kukosea hesabu akiwa na akili zake timamu.

Kabla ya kila dozi kuna mambo matatu ya kuhakikisha. Goti likigongwa mguu uruke. Mgonjwa apumue angalau mara 16 kwa dakika. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi mwilini hulegeza misuli hadi pumzi ikatike, na cha kumwokoa mgonjwa hapo ni kalsiamu glukoneti, ambayo inatakiwa iwe kwenye sinia la kitandani, si kwenye stoo iliyofungwa na ufunguo umekwenda nyumbani na mtu.

Sasa muuguzi wa usiku anapokea zamu saa mbili. Kwenye chati, nafasi ya dozi ya saa moja jioni iko tupu. Je, dozi haikutolewa, au ilitolewa haikuandikwa? Mwenzake wa mchana ameshaondoka na simu yake haipatikani. Akiitoa ilhali ilishatolewa, anaweza kumkata mama pumzi. Asipoitoa ilhali haikutolewa, mama anaweza kuanza kutingishika kabla ya usiku wa manane.

Atakachofanya hapo hakitegemei sana alichosoma chuoni. Kinategemea yaliyompata mtu wa mwisho aliyesema kuna kasoro katika wodi hiyo.

Ikiwa mwezi uliopita mwenzake aliripoti pengo kama hilo akaishia kuandikiwa barua ya onyo, wodi nzima imeshajifunza somo lake. Pengo linajazwa. Mtu anaandika saa, anatia saini, anaendelea na kazi, na mkaguzi akija anakuta makaratasi safi. Nikiulizwa karatasi ya kuogopwa kuliko zote hospitalini, nitataja chati iliyojaa kila nafasi kwa mwandiko uleule na kalamu ileile. Inamwonyesha daktari wa asubuhi mgonjwa ambaye hayupo.

Wodi nyingine, muuguzi yuleyule anamwendea mkuu wa zamu: "Sista, dozi ya saa moja haijaandikwa. Sijui kama ilitolewa." Sista haulizi ni nani aliyesahau. Anasema, "Twende kwake." Wanagonga goti, wanahesabu pumzi, wanaangalia mfuko wa mkojo, wanampigia daktari, wanaamua, kisha wanaandika walichokikuta kama kilivyo. Asubuhi wanakaa dakika chache wanauliza ilikuwaje, na inaonekana kwamba saa moja jioni muuguzi wa mchana alikuwa amekandamiza tumbo la mama mwingine aliyekuwa akivuja damu baada ya kuzaa, peke yake, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwita. Hapo wodi inapata kazi ya kufanya. Makabidhiano ya zamu yahamie kitandani badala ya mezani. Hesabu ya 8 kwa 12 ibandikwe ukutani. Kalsiamu glukoneti ikae kwenye sinia. Na jambo gumu zaidi lifike kwa wakubwa: kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, wodi hii haiwezi kuwa na muuguzi mmoja.

Hiyo tofauti kati ya wodi ya kwanza na ya pili ndiyo wataalamu wanayoiita utamaduni wa usalama wa mgonjwa. Dodoso linalotumika sana duniani kuupima, lililotolewa Marekani mwaka 2004 na baadaye kutafsiriwa katika lugha nyingi, halimwulizi mfanyakazi kama anajua kanuni. Linamwuliza kama anahisi makosa yake yatatumiwa dhidi yake, kama taarifa hupotea wakati wa kubadilishana zamu, kama kuna watu wa kutosha kwa kazi iliyopo, kama yuko huru kumuuliza mkubwa wake swali. Mabango ya usafi ukutani hayapimwi na mtu.

Hapa kuna jambo linalowachanganya viongozi wengi. Miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alilinganisha timu za wauguzi na idadi ya makosa ya dawa. Alitegemea timu bora ziwe na makosa machache. Akakuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba timu hizo hazikukosea kupita nyingine, ila zilithubutu kusema. Hospitali inayojivunia kwamba mwaka mzima haina kosa hata moja lililoripotiwa, basi, haijathibitisha usalama. Imethibitisha ukimya.

Sasa atauliza mtu: tukiacha kuadhibu, si kila mmoja atafanya apendavyo? Swali hilo ni la msingi na lina jibu. Kuna kuteleza: ulikusudia mililita 8 ukavuta 10 kwa sababu mtu alikuita katikati ya kuhesabu. Huyo anahitaji msaada, na chumba cha dawa kinahitaji utulivu. Kuna njia ya mkato iliyozoeleka: kutosoma jina la mgonjwa kwenye faili kwa sababu unawajua wote. Huyo aelekezwe, na tuulize kwa nini njia ya mkato ndiyo iliyokuwa rahisi. Na kuna kudharau hatari kwa makusudi: kufika zamu umelewa, kuuza dawa, kumwacha mama anayevuja damu ukaenda zako. Huyo Baraza la Wauguzi na Wakunga lipo kwa ajili yake tangu sheria ya mwaka 1996, na mahakama pia ipo. Shida yetu ni kwamba hao watatu wote tunawapokea kwa uso mmoja, na matokeo yake yule wa tatu anajificha vizuri nyuma ya wale wawili.

Vikao vya kuchunguza vifo vya wajawazito na watoto wachanga, ambavyo Wizara ya Afya inavitaka katika hospitali zetu, vimejengwa juu ya kanuni ya kutotaja majina na kutolaumu. Kanuni hiyo ni nzuri sana na ni dhaifu sana. Siku moja tu maelezo ya kikao yakifika kwa mtu anayetafuta wa kufukuza, kikao kinachofuata kitahudhuriwa na watu waliokaa kimya.

Aliyekosea naye ana yake. Mwaka 2000 daktari wa Marekani Albert Wu alimwita mhanga wa pili: mhudumu ambaye mgonjwa wake amedhurika mikononi mwake. Hapati usingizi. Anarudia tukio lile kichwani. Anajishuku hata katika sindano aliyoichoma mara elfu. Katika wodi inayomtenga, mtu huyo kesho anarudi zamu akiwa na usingizi wa saa mbili, na hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa. Kumwekea mtu wa kuzungumza naye na kumpumzisha siku mbili ni kinga kwa mgonjwa anayefuata.

Na hapa ndipo mambo mawili tuliyozoea kuyatenganisha yanapoungana. Maslahi ya muuguzi tumeyaweka kwenye faili la chama cha wafanyakazi, usalama wa mgonjwa tumeuweka kwenye faili la ubora wa huduma. Muuguzi wa kweli hana mafaili mawili. Ana mwili mmoja.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti kutoka hospitali za Pennsylvania, Marekani. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchoka kabisa na kazi ulipanda kwa asilimia 23. Mwaka 2014 utafiti wa nchi tisa za Ulaya ukakuta asilimia 7 ileile kwa upande wa vifo. Wale walikuwa wanalinganisha wauguzi wenye wagonjwa wanne na wenye wanane. Muuguzi wetu wa usiku anayeangalia wodi nzima, pamoja na wagonjwa waliolala chini kati ya vitanda, yuko nje kabisa ya jedwali lile. Siwezi kuchukua asilimia 7 ya Pennsylvania nikaizidisha kwa wagonjwa wa Lira. Mwelekeo, hata hivyo, hauna utata.

Kuchoka kabisa na kazi si uvivu wala si kukosa wito. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana juu ya dalili zake tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba huiwezi tena kazi yako. Ile ya pili ndiyo mgonjwa anayoiona. Sista anayejibu kwa ukali, asiyemtazama mtu usoni, anayesema "subiri" bila kugeuka, mara nyingi ni mtu ambaye miaka mitano iliyopita alikuwa akilia na wagonjwa wake. Sisemi ukali ule unakubalika. Ila ukimhamisha huyo ukamleta mpya, wodi ileile itamtengeneza huyo mpya vilevile.

Usingizi peke yake unatosha kuandikiwa makala. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Dereva wa namna hiyo trafiki angemshusha barabarani. Muuguzi wa namna hiyo tunamkabidhi insulini. Wengi wao wamekesha hospitali ya serikali, na saa tatu asubuhi wako kliniki ya mtu binafsi kwa sababu kuna karo ya watoto na kodi ya nyumba. Wauguzi na wakunga walipoweka vifaa chini Mei 2022, wengi waliona ni suala la pesa tu. Lilikuwa la pesa, na pesa hiyo inaamua kama mtu anakwenda kulala au anakwenda zamu ya pili. Mkuu wa hospitali anayehubiri utamaduni wa usalama kwa watu ambao hawajui watarudije nyumbani saa mbili usiku anapoteza muda wake na wao.

Halafu kuna usalama wa mwili wa muuguzi mwenyewe. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa VVU ikimchoma, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu 3 kati ya 1,000, na dawa za PEP, za kuzuia maambukizi, zikianza ndani ya saa 72 hupunguza hata huo. Homa ya ini aina ya B ni hatari zaidi kwa mbali: kwa asiyechanjwa uwezekano unaweza kufika asilimia 30, na kaskazini mwa nchi yetu ndiko ugonjwa huo ulikoenea zaidi. Wapo wanaojichoma wakanyamaza, kwa sababu kuripoti maana yake ni kupimwa na wenzako, katika hospitali ambayo siri haikai.

Ebola imetufundisha haya kwa bei kubwa. Ugonjwa ulipozuka Gulu mwaka 2000, dalili ya kwanza katika Hospitali ya Lacor ilikuwa vifo vya wanafunzi wa uuguzi. Daktari Matthew Lukwiya aliitwa kutoka masomoni Makerere, akapekua mafaili, akatambua kinachowaua. Alifanya kazi pamoja na wauguzi wake ndani ya wodi ile ile, akasimama mbele yao walipokata tamaa, na inaaminika aliambukizwa usiku alipokuwa akimsaidia muuguzi mgonjwa. Alifariki Desemba 5, 2000. Mlipuko ule uliua watu 224 kati ya 425 waliougua. Mwaka 2022 Ebola aina ya Sudan iliyoanzia Mubende iliambukiza wahudumu wa afya 19, saba wakafa. Januari 2025 mlipuko mwingine ulitangazwa baada ya kifo cha muuguzi wa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Lakini kuna mwaka mwingine ambao hatuutaji vya kutosha. Mwishoni mwa 2018, Ebola ikiwaka Kongo, Uganda ilianza kuchanja wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani kabla mgonjwa hata mmoja hajavuka. Kufikia katikati ya 2019 karibu wahudumu 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamechanjwa na kuelekezwa. Juni mwaka huo mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka akafikishwa Hospitali ya Kagando, Kasese, na wahudumu wa pale wakashuku mara moja. Ugonjwa haukusambaa nchini. Aliyechanjwa, mwenye glavu, anayejua kwamba akisema "nashuku" hatachekwa, alilinda taifa zima. Namheshimu Lukwiya kuliko ninavyoweza kuandika, na ninaamini yeye mwenyewe angechagua Kagando ya 2019 kuliko Lacor ya 2000.

Kusema huko kunaanza na vitu vidogo. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ilijaribiwa katika miji minane duniani, mmoja wao ukiwa Ifakara, Tanzania, na matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2009 vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Muuguzi ambaye ameshasikia sauti yake mwenyewe mbele ya daktari bingwa hapati tabu sana, dakika kumi baadaye, kusema kwamba kitambaa kimoja hakijahesabiwa.

Na lugha pia. Hospitali ya Hoima inapokea wakimbizi wa Kikongo kutoka makazi ya Kyangwali ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kuelezea maumivu. Arua, Busia na Tororo nako wapo wagonjwa wanaotegemea Kiswahili. Muuguzi aliyepelekwa huko kutoka Mbarara au Masaka bila kufundishwa kuuliza "Mama, kuna dawa inayokukataa?" anategemea mtoto wa miaka tisa amtafsirie. Hilo ni tundu lingine kwenye chandarua, na kuliziba kunahitaji saa chache za mafunzo kila wiki.

Hospitali zetu zina bodi, na vituo vya afya vina kamati zenye wawakilishi wa wananchi. Ukiwa mmoja wao, au ukimjua mmoja wao, yapo maswali ya kupeleka kikao kijacho yasiyohitaji udaktari. Jana usiku kila wodi ilikuwa na wauguzi wangapi na wagonjwa wangapi? Mara ya mwisho mfanyakazi kuripoti kosa lake mwenyewe ilikuwa lini, na alifanywa nini? Wauguzi wangapi wamekamilisha chanjo tatu za homa ya ini? Wanaotoka zamu usiku wanafikaje nyumbani? Omba majibu kwa maandishi, na kikao cha baada ya hapo uyaulize tena yaleyale.